CD4 zangu zimepanda: je, zinatosha kuondoa madoa kwenye mlango wa kizazi?

SWALI: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Morogoro. Niligundulika na VVU mwaka 2018 baada ya kuugua mkanda wa jeshi, na CD4 zilikuwa 180. Tangu hapo natumia dawa bila kuruka, virusi havionekani kwenye kipimo, na CD4 zilifika 560. Miezi miwili iliyopita nilipimwa mlango wa kizazi kwa siki, nesi akaona madoa meupe, akasema si saratani lakini yanatakiwa kuchomwa kwa joto. Siku hiyo mashine ilikuwa mbovu, nikaambiwa nirudi. Sijarudi. Kipimo cha juzi kinaonyesha CD4 zimeshuka hadi 520 na nimeogopa. Rafiki yangu ananishauri nitumie kwanza vidonge vya virutubisho vya kuongeza CD4 ili kinga yenyewe iyaondoe madoa, kwa kuwa amesikia seli hizi ndizo zinazoua saratani. Mdogo wangu aliye Ulaya naye anasema kuna tiba ya seli T inayoponya saratani. Je, nikipandisha CD4 sitahitaji kuchomwa? Pia nina binti wa miaka 12, nimfanyie nini?"

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, maana miezi miwili imeshapita. Kupanda kwa CD4 hakuchukui nafasi ya matibabu ya madoa hayo, na kushuka kutoka 560 hadi 520 si jambo la kukunyima usingizi. Tafadhali rudi ukatibiwe, ikiwezekana wiki hii. Rafiki yako hajakosea kusema kwamba seli hizi hupambana na saratani. Kosa lake ni kudhani kwamba ukiongeza idadi yake, kazi imekwisha. Nitakueleza jambo hilo kwa kirefu, kwa sababu ukishalielewa utajua mwenyewe kwa nini nakuhimiza urudi kliniki na kwa nini sikuungi mkono kuhusu vidonge.

CD4 ni aina mojawapo ya seli za kinga ziitwazo seli T. Seli T huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha huhamia kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Herufi T imetokana na jina la tezi hiyo. Wataalamu wengi waliidhani haina kazi ya maana, mpaka mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, alipoonyesha kwamba panya walioondolewa thaimasi wakiwa wachanga hukua bila kinga ya kutosha. Ndani ya tezi hiyo kila seli T hutengenezewa kipokezi chake, tofauti na cha mwenzake, kwa kuchanganywa vipande vya jeni bila mpango maalumu. Baadaye hupitishwa kwenye mchujo mkali: isiyoweza kutambua chochote hufa, na ile iliyo tayari kuushambulia mwili wenyewe nayo kwa kawaida huondolewa. Zaidi ya 95 katika kila 100 hazitoki humo zikiwa hai. Zile zinazotoka, kila moja inajua jambo lake moja: ipo inayotambua kipande fulani cha kirusi cha surua, ipo inayotambua kipande cha bakteria wa kifua kikuu, na zipo nyingi ambazo hazitakutana na adui wao maisha yote.

Namna zinavyotambua ndiyo sehemu ambayo wagonjwa huelezwa kwa nadra. Kingamwili, ambazo hutengenezwa na seli B, hunasa vijidudu vilivyo nje ya seli, kwenye damu na kwenye ute. Kirusi kikishaingia ndani ya seli, kingamwili haziwezi kukifikia. Hapo ndipo seli T zinapohitajika. Nazo pia hazioni ndani, lakini karibu kila seli ya mwili ina desturi ya kukatakata baadhi ya protini zinazotengenezwa ndani yake na kuvipeleka vipande hivyo juu ya utando wake wa nje, vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA. Ni kama nyumba inayoanika barazani sampuli ya kila kinachopikwa jikoni. Seli T hupita baraza kwa baraza zikikagua, na ile inayokuta kipande kinacholingana na kipokezi chake hujua kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna mgeni. Rolf Zinkernagel na Peter Doherty ndio walioonyesha jambo hili wakiwa Canberra, Australia, katika miaka ya 1970, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Sasa nije kwenye CD4. Katika kliniki nyingi mgonjwa huambiwa kwamba CD4 ni askari wa mwili. Naelewa kwa nini mfano huo hutumika, kwa sababu ni mwepesi, lakini ndio unaozaa mawazo kama ya rafiki yako, kwamba askari wakiongezeka vita imekwisha. CD4 kwa kawaida haziui. Zinafanana zaidi na mjumbe wa nyumba kumi, anayepokea taarifa ya hatari, akaithibitisha, kisha akawaita wanaohusika. Taarifa huletwa kwenye tezi za limfu, zile zinazovimba na kuitwa mitoki, na seli za dendriti ambazo huokota vipande vya vijidudu kwenye ngozi na kwenye utando laini wa mwili. CD4 iliyotambua kipande huzaliana, kisha hutoa amri za kikemikali. Amri hizo huzifanya seli B zitengeneze kingamwili bora zaidi, huwapa makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, nguvu ya kuua bakteria waliowameza, na huziandaa seli T za aina ya pili, CD8.

CD8 ndizo zinazoua. Zikikuta baraza yenye kipande cha mgeni, hujibana kwenye seli hiyo na kuimwagia protini ziitwazo perforini, zinazotoboa utando, pamoja na granzaimu, zinazoiamuru seli ijiue yenyewe kwa utaratibu. Kirusi kilichokuwa kikizaliana humo hukosa mahali pa kuishi. Adui akiisha, seli nyingi zilizozaliana kwa ajili yake hufa, lakini chache hubaki zikiwa na kumbukumbu, tayari kuamka haraka akirudi.

Wewe mwenyewe umeliona hilo mwilini mwako. Mkanda wa jeshi husababishwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga ulichokipata pengine ukiwa mtoto, ambacho hakikuondoka bali kilijificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu. Kwa miaka yote hiyo kingamwili zake ulikuwa nazo. Kilichokizuia kuamka ni seli T, na VVU ilipozipunguza hadi 180 kikapata nafasi. Kifua kikuu nacho hufuata njia hiyo: watu wengi hubeba bakteria wake wakiwa wamezungushiwa ukuta na makrofaji wanaopata nguvu kutoka CD4, na ukuta huo hubomoka CD4 zikipungua. Ndiyo maana kifua kikuu kimekuwa muuaji mkubwa wa watu wanaoishi na VVU.

Kuhusu saratani, seli T hutumia njia hiyohiyo ya ukaguzi. Seli inayogeuka kuwa ya saratani hutengeneza protini zisizo za kawaida, na vipande vyake huanikwa barazani kama vya kirusi. Ushahidi ulio wazi kwetu Afrika Mashariki ni saratani ya Kaposi, ile inayoleta mabaka na vinundu vyeusi au vya zambarau kwenye ngozi. Inasababishwa na kirusi, na kwa wagonjwa wengine ambao haijasambaa, mabaka hunywea baada ya kuanza ARV peke yake, bila dawa ya saratani. Ukilijua jambo hilo tu, utakubaliana na rafiki yako moja kwa moja. Lakini saratani hazifanani, na mlango wa kizazi una habari yake.

Madoa uliyoonyeshwa, kwa uwezekano mkubwa, yametokana na kirusi cha papiloma, HPV. Ni kirusi kinachopatikana kwa kujamiiana na karibu kila mtu mzima hukutana nacho. Hakielezi lolote kuhusu tabia yako, na naomba usijilaumu. Kwa wanawake wenye kinga nzima, maambukizi mengi huondolewa na seli T ndani ya miaka miwili bila wao kujua. Yanayobaki ndiyo ya kuogopwa, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo kwa pamoja husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kirusi hiki huzalisha protini mbili, E6 na E7. Ya kwanza huharibu protini inayoilazimisha seli yenye kasoro kusimama au kufa, na ya pili huondoa breki ya kugawanyika. Seli huendelea kugawanyika ikiwa na makosa, na baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, makosa hayo yanaweza kuwa saratani. Kwa wenye VVU safari hiyo huwa fupi zaidi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara 6 zaidi wa kupata saratani hii.

Utaniuliza: kama E6 na E7 ni protini za kigeni, kwa nini seli T zangu 520 zisizione barazani na kumaliza kazi? Ni swali zuri, na majibu yake ni zaidi ya moja. HPV huishi ndani ya tabaka la juu la utando, haiingii kwenye damu na haizipasui seli, kwa hiyo hakuna uchungu wala uvimbe wa kuziamsha seli za dendriti zipeleke taarifa. Pia ina protini nyingine inayopunguza molekuli za HLA juu ya seli. Ni kama mwenye nyumba aliyebomoa baraza ili mpita njia asione kitu. Seli zilizokwisha kubadilika huweza pia kuonyesha protini inayoziambia CD8 zitulie. Jambo linalokuhusu zaidi ni kwamba ulipokuwa na CD4 180, na pengine kwa miaka kadhaa kabla ya kupimwa, kirusi kilikuwa na uhuru wa kujikita. ARV zimekurudishia idadi. Lakini baadhi ya seli zilizokuwa na kumbukumbu ya adui fulani zilikufa, na katika umri wa miaka 41 thaimasi, ambayo huanza kunywea tangu balehe, hutengeneza mpya kwa kiasi kidogo. Mtu anaweza kuwa na CD4 520 na bado akakosa zile chache zinazoijua HPV aliyo nayo.

Sisemi kwamba ARV hazijakusaidia katika hili. Mwanamke ambaye virusi vyake vimefubazwa na CD4 zake ziko juu ana nafasi nzuri zaidi: madoa yake huendelea polepole, na yakitibiwa hayarudi kirahisi kama kwa asiyetumia dawa. Umejitendea wema mkubwa kwa kutokuruka dozi.

Na hiyo 520? Kipimo huhesabu seli zilizomo katika milimita moja ya ujazo ya damu, ilhali takribani asilimia 2 tu ya seli za aina hii ndizo zilizo kwenye damu kwa wakati mmoja. Nyingine ziko kwenye tezi za limfu, bandama, utumbo na kwingineko. Hesabu hubadilika kati ya asubuhi na jioni, hubadilika ukiwa na mafua, na hubadilika kati ya maabara na maabara. Tofauti ya 40 haina maana yoyote ya kitabibu. Watu wazima wasio na VVU wengi huwa kati ya 500 na 1,500, na hatari kubwa ya magonjwa nyemelezi huanza chini ya 200. Kipimo cha kukifuatilia kwa bidii ni cha wingi wa virusi, na kwako kinasema mambo ni mazuri.

Tuje kwenye hatua za kuchukua. Kusubiri ni chaguo halali kwa msichana asiye na VVU mwenye mabadiliko madogo, kwa sababu mengi hupotea yenyewe. Kwako sikushauri kusubiri. Nesi aliyesema utibiwe kwa joto amefuata utaratibu unaokubalika. Ncha ya chuma iliyopashwa moto hadi takribani nyuzi 100 hugusishwa kwenye madoa kwa muda unaohesabiwa kwa sekunde. Wengi huhisi maumivu kama ya hedhi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Seli zilizobadilika hufa, na utando mpya huota. Majimaji huweza kutoka kwa wiki kadhaa, na utaombwa usikutane na mwenzi wako kwa wiki 4 hadi 6. Ikiwa madoa ni makubwa au yameingia ndani ya njia ya mlango wa kizazi ambako hayaonekani yote, njia hiyo haitoshi, na utapelekwa hospitali kubwa yakatwe kwa waya mwembamba wenye umeme, ukiwa umechomwa sindano ya ganzi. Pakiwa na dalili ya saratani yenyewe, hakuna kuchoma chochote kabla ya kukata kinyama na kukipima. Ubaya wa matibabu haya yote ni kwamba kwa wanawake wenye VVU madoa hurudi mara nyingi zaidi, kwa hiyo utapaswa kupimwa tena baada ya miezi 12, na kurudia tena baada ya miezi mingine 12 hata kama cha kwanza kilikuwa safi. Hilo naomba uliandike mahali.

Mashine ikiwa bado mbovu, usirudi nyumbani na kukaa. Mwombe nesi karatasi ya rufaa, uende hospitali ya rufaa ya mkoa au kituo kingine chenye huduma hiyo. Umeshapoteza miezi miwili, na kwa ugonjwa unaokwenda kwa miaka hiyo si hasara kubwa, lakini najua jinsi miezi miwili inavyogeuka kuwa miaka miwili.

Vidonge vya rafiki yako vinanipa wasiwasi wa kweli. Hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kumwongezea CD4 mtu anayekula vizuri na kutumia ARV. Na kuna madhara ambayo wauzaji hawayataji: dawa ambayo kliniki zetu hutoa kwa wengi siku hizi, kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ina udhaifu mmoja. Dolutegraviri hushikamana tumboni na madini ya kalisiamu, chuma, zinki na magnesiamu, ikashindwa kuingia kwenye damu kwa kiasi kinachotakiwa. Yaani kidonge cha kuongeza kinga kinaweza kudhoofisha dawa iliyokupa kinga uliyo nayo. Hata dawa za kawaida za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zina tatizo hilo. Ukiandikiwa madini kwa sababu nyingine, meza ARV saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, na mweleze mtoa dawa. Mlonge nao ukiupenda, ule kama mboga, si kama dawa ya kuongeza CD4. Tunawakumbuka watu walioacha ARV mwaka 2011 baada ya kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kule Loliondo, na yaliyowapata; nawe usikubali lolote linalokutaka uache au upunguze dawa.

Mdogo wako anasema kweli kuhusu Ulaya, ila tiba hizo si za hali yako. Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua breki zilizo juu ya seli T ambazo saratani huzikanyaga. Dawa za kuziachia breki hizo, kama pembrolizumabu, hutumika leo kwa baadhi ya wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa au kurudi. Zipo pia seli T zinazotolewa kwa mgonjwa, zikapewa kipokezi kipya maabara na kurudishwa mwilini. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2017 kwa saratani ya damu, kwa bei ya dola 475,000. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliripoti wanawake 9 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, waliorudishiwa seli T zilizotolewa ndani ya uvimbe wao na kuzalishwa kwa wingi: kwa 3 uvimbe ulipungua, na kati yao 2 ulitoweka kabisa. Nilifurahi sana kuyasoma matokeo hayo. Lakini 6 hawakupata nafuu, na seli T zilizoachiwa breki huweza kushambulia tezi ya shingo, utumbo au mapafu. Hakuna anayempitisha mtu huko wakati tatizo lake bado linamalizika kwa dakika chache juu ya kitanda cha kliniki.

Binti yako apate chanjo ya HPV, ambayo Tanzania huwapa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huifanya seli B itengeneze kingamwili zinazokinasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli, ndiyo maana hutolewa mapema, na ndiyo maana wewe haitakuondolea madoa uliyo nayo. Kwa kawaida dozi moja inatosha. Kama naye anaishi na VVU, mwambie mtoa chanjo, kwa sababu atahitaji zaidi ya moja. Kama hajawahi kupimwa VVU, mpime.

Usisubiri siku ya miadi ukiona damu baada ya kujamiiana au katikati ya mwezi, uchafu wenye harufu mbaya usioisha, maumivu ya kiuno yasiyoeleweka au mguu mmoja kuvimba. Nenda siku hiyo ukaonwe na daktari. Baada ya kuchomwa, homa au damu nyingi kuliko ya hedhi ni sababu ya kurudi mara moja. Kikohozi cha muda wowote, kutokwa jasho usiku au kupungua uzito vinahitaji kipimo cha kifua kikuu, hata CD4 zikiwa 520. Utakapokwenda, beba kadi yako ya kliniki na karatasi ya kipimo cha siki, mtajie nesi dawa na virutubisho vyote unavyotumia, na muulize swali hili: madoa yangu yanaonekana yote, au mengine yameingia ndani?